Deni Haiingize Mutu mu Buloko

Ilikuwa siku tatu mbele ya paie. Giza ilikuwa inaanza kuingia wakati mama mumoja alifika kwangu, mutoto mu mugongo, viatu mu mukono.

"Baba delege, balibeba bwana yangu. Bapolisi babili na ule mutu wa Banque Lambert. Banasema kama hatulete franga leo, atalala kule."

Bwana yake ni mwenzetu wa kazi. Mwezi wenye ulipita mutoto alikuwa mugonjwa, mushahara ulikuwa umekwisha, basi akakopa. Kila mutu mu makambi na mu cité anajua namna Banque Lambert inatumika: unakamata dola 100, mwisho wa mwezi unarudisha 130 ao hata 150, na mwenye kukopesha anabakia na karte yako ya benki pamoja na kode yake. Mwezi ule hesabu haikufika. Mwenye kukopesha hakuenda ku tribinali. Alienda kwa polisi.

Jamaa walikuwa tayari wanakusanya feza. Mumoja analeta redio ya kuuzisha, mwingine mufuko wa unga. Niliwaomba wangojee kwanza. Nikakamata kaye na bic, tukaenda.

Ku posti hatukuanza na "ni franga ngapi?" Tuliuliza: "Shefu, alikamatwa saa ngapi? Kwa kosa gani? OPJ mwenye kushika dosie ni nani?" Tukaandika majibu: 16 h 40, "abus de confiance". Kisha tukaomba kuona karatasi yenye mwenzetu alitiaka sinyatire. Iliandikwa: amekopa kiasi hiki, atarudisha kiasi hiki, tarehe hii. Basi, hiyo ni deni.

OPJ hakufurahi. Alisema turudi kesho. Mwenzetu alilala mule, tukamuletea bukari na blanketi. Asubui tukarudi na avoka, na mbele ya saa sita ya muchana alitoka. Hatukulipa franga hata moja ya kasho. Deni yake iko mupaka leo, anailipa kidogokidogo, na mapatano mapya yaliandikwa.

Haiko kila mara inamalizika vile. Zamani, wakati sisi wenyewe tulikuwa hatujue kitu, nilisindikiza jamaa ingine. Walilipa ili mutu atoke, hawakupewa karatasi yoyote, na kisha wakakuta deni ileile inawangojea ku nyumba. Franga ya kasho haipunguze deni.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 iko na article 18. Kila nyumba ya mufanyakazi ingepashwa kuijua. Mutu akikamatwa, anapashwa kuelezwa palepale sababu, mu luga yenye anasikia. Kama hasikie Kifaransa, wamuambie mu Kiswahili. Ana haki ya kuzungumuza mara moja na jamaa yake ao avoka wake. Garde à vue haiwezi kupita saa 48. Zikiisha, aachiliwe ao apelekwe mbele ya wenye mamlaka ya sheria, ni kusema parke.

Juu ya deni, inchi yetu iliingia mwaka 1976 mu mapatano ya kimataifa juu ya haki za raia na za politike. Article 11 ya mapatano ile inakataza kufunga mutu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza kontra.

Lakini tusidanganyane. Kama ulipewa kitu cha mwingine ili ukichunge na wewe ukakiuzisha, hiyo ni abus de confiance ya kweli. Kama ulitumia jina ya uongo ili kukamata feza ya watu, hiyo ni escroquerie. Polisi iko na haki ya kukufuata. Ndiyo maana wenye kukopesha wanapenda kuvalisha deni nguo ya makosa hayo mawili. Ile karatasi yenye ulitia sinyatire njo inaonyesha ukweli. Usitie sinyatire bila kubakia na kopi.

Na kama wanakuambia "lipa amande", omba note de perception. Amande inalipwa ku benki, kwa Serikali. Haiingie mu mufuko wa mutu.

Polisi ni ya nani?

Wazee wetu waliogopa posti, na walikuwa na sababu. Mu mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma hapa Elisabethville, wakiomba mushahara uongezwe. Waliwakusanya mu uwanja wa mupira, na askari wa Force Publique wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi alikufa pale. Force Publique ile ilikuwa jeshi na polisi pamoja. Woga ule ulibakia mu nyumba zetu, na leo mutu anaibiwa ku Ruashi ao ku Katuba, anaona heri anyamaze kuliko kwenda kuandikisha.

Lakini Polisi ya Taifa ya leo haiko Force Publique, ku karatasi kwanza. Article 182 ya Katiba inaipatia kazi ya kulinda watu na mali yao. Article 183 inasema iko kwa kazi ya taifa, na hakuna mutu anaweza kuigeuza kwa faida yake mwenyewe. Basi mukopeshaji mwenye kutuma polisi wamukusanyie feza anafanya kile Katiba inakataza.

Tunahitaji polisi. Mutoto akigongwa na motokari, tunahitaji PV ya ajali, bila ile asiransi haisikie. Mutoto wa mwanamuke akitendewa mubaya, polisi iko na wenye walitiwa kwa kazi ya kulinda watoto na kupiganisha jeuri ya kingono. Asikie aibu yule mwenye alitenda, haiko jamaa. Nani atakuja usiku wakati wezi wanavunja mulango, kama sisi wenyewe tumeamua posti ni fasi ya kununua mutu tu?

Na mupolisi naye ni mufanyakazi. Analipa nyumba, watoto wake wanasoma. Siye tukikosa mushahara tunaweza kugoma. Katiba, mu article 39, inaachilia sheria ikataze mugomo mu kazi ya ulinzi na usalama. Namusikilia huruma. Lakini shida yake haitamalizika kwa kukula mushahara wa muchimbaji.

Fanya hivi

Mutu wenu akikamatwa, andikeni mu kaye: saa, fasi, jina ya OPJ, kosa lenye walitaja. Itana delege wa sendika mbele ya kuuzisha kitu. Mumoja abakie karibu na posti, aletee mutu wenu chakula. Saa 48 zikipita, muende ku parke: OPJ anafanya kazi chini ya parke, na mazistra ana haki ya kukagua kasho. Kama mupolisi alipiga mutu ao alikula feza, malalamiko inaenda ku auditorat militaire, juu article 156 inaweka makosa ya polisi mu mikono ya tribinali za kijeshi.

Mama yule alibakia na kaye ile. Mwezi uliopita jirani yake alikamatwa juu ya feza ya likelemba. Hakuja kunitafuta. Alifungua ukurasa mupya, akaandika saa, akaenda na bibi ya yule jirani ku posti.