Kuchagua kazi (3): Nesi na afisa ustawi hawafanyi kazi moja

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa wazazi wa kidato cha nne na cha sita ni hili: binti yangu ana huruma sana, nimpeleke uuguzi au ustawi wa jamii? Kuhusu wavulana haliulizwi, ingawa wodi zetu zina manesi wanaume wengi, na wagonjwa huwaita "dokta" bila hata kuuliza.

Huruma haiwezi kuamua jambo hili. Inatakiwa huku na huku, tena inatakiwa hata kwa polisi na kwa karani wa dirisha la malipo. Ukiitumia kama kipimo utabaki ulipoanzia. Afadhali tuangalie kazi zenyewe zinavyofanyika.

Tuingie wodi ya watoto. Analetwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundunyekundu, hachezi, hataki kula. Ni utapiamlo mkali. Nesi anajua la kufanya na halingoji kesho: kupima sukari katika damu na joto la mwili, kwa sababu watoto wa namna hii huweza kufa usiku kwa kupungukiwa sukari au kwa baridi, kumweka kifuani kwa mama yake apate joto, kumnywesha maziwa maalumu yaitwayo F-75 kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Kubwa zaidi, kumzuia bibi aliyekuja na chupa ya uji asimjaze mjukuu wake. Mwili uliodhoofika ukipewa chakula kingi kwa ghafla huweza kuelemewa, moyo ukashindwa. Nesi anaandika kila kikombe kilichonywewa na kila kilichotapikwa. Hali ikitengemaa na hamu ya kula ikirudi, mtoto anahamishiwa F-100 yenye nguvu zaidi, uvimbe unaendelea kupungua, na siku moja anamcheka nesi aliyekuwa akimchoma sindano. Anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Miezi miwili baadaye yuko wodini tena.

Hapo ndipo afisa ustawi anapoanza kazi, na maswali yake hayamo kwenye chati ya nesi. Baba yuko wapi? Yuko machimboni, hajatuma kitu tangu mavuno. Mama analala wapi? Kwa wifi yake, ambaye ana watoto watano na sufuria moja. Shamba je? Lipo, lakini shemeji analilima. Bili ya safari iliyopita ililipwa? Haikulipwa, ndiyo maana safari hii mama amechelewa siku nne kumleta mtoto; aliogopa kudaiwa. Lakini sera ya uchangiaji wa huduma, tangu ilipoanza miaka ya 1990, inawasamehe ada watoto wa chini ya miaka mitano, na asiye na uwezo anaweza kusamehewa baada ya afisa ustawi wa hospitali kumhoji na kuthibitisha hali yake. Mama hakulijua hilo. Hakuna aliyemwambia.

Maziwa ya F-75 hayamrudishi baba kutoka machimboni. Na mazungumzo na baba, hata yakifanikiwa, hayapandishi sukari ya mtoto saa nane za usiku. Kila kazi ina kipande chake, na anayetaka kuchagua ajiulize ni kipande kipi angependa kiwe mikononi mwake kila siku kwa miaka thelathini.

Jambo hili liligunduliwa mapema na watu wa hospitali wenyewe. Mwaka 1905, katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, daktari Richard Cabot alichoshwa na kuwaandikia wafanyakazi maskini mapumziko, hewa safi na chakula bora huku akijua hawana pa kuvipata. Akaanzisha huduma ya kufuatilia maisha ya mgonjwa nje ya hospitali. Wa kwanza kuishika alikuwa nesi, Garnet Pelton. Akafuatiwa na Ida Cannon, naye nesi kwa mafunzo ya kwanza, ambaye baadaye alisomea kazi ya jamii na kuiongoza idara hiyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayesema kwamba ustawi wa jamii hospitalini ni kazi ya walioshindwa uuguzi hajui ilikotoka.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Uingereza. Cicely Saunders alisomea unesi katika hospitali ya St Thomas' wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mgongo ukamshinda, kuinua wagonjwa kunavunja migongo ya manesi hadi leo, na vyuo havilisemi hilo vya kutosha siku ya usajili. Akasoma upya, akawa afisa ustawi wa hospitali. Katika kazi hiyo, mwaka 1948, akamhudumia David Tasma, Myahudi wa Poland aliyekuwa akifa kwa saratani jijini London bila ndugu. Nesi wa wodi aliona maumivu ya mwili. Saunders, akiwa amekaa kando ya kitanda kama mtu wa ustawi, aliona pia mtu aliyehisi kwamba anaondoka duniani bila kuacha alama yoyote. Tasma alimwachia pauni 500 za kuanzia nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, ambayo wakati huo ilikuwa ndoto tu. Saunders akarudi shule mara ya tatu, akahitimu udaktari mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice. Fundisho lake kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya roho na ya mfuko kwa wakati mmoja lisingeweza kutoka kwa mtu aliyeshika kazi moja tu.

Mbegu hiyo ilifika Afrika Mashariki. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria ya Uganda ilibadilishwa ili manesi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu ya wagonjwa, waruhusiwe kuandika mofini. Kwa mgonjwa wa saratani anayeishi mbali na daktari, ruhusa hiyo kwa nesi ni tofauti kati ya usingizi na usiku wa kulia.

Lakini wewe si Saunders na ada ya kusoma mara tatu huna, kwa hiyo turudi Tanzania.

Kuna jambo linalowaumiza wengi: mara nyingi uchaguzi huu huwa umeshafanyika kabla mwanafunzi hajajua kwamba anachagua. Stashahada ya uuguzi na ukunga, ya miaka mitatu, inataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia katika kidato cha nne. Mwanafunzi aliyeacha Fizikia na Kemia mwanzoni mwa kidato cha tatu kwa sababu mwalimu hakuwepo, au kwa sababu marafiki waliziacha, ameshafunga mlango wa wodi akiwa na miaka kumi na sita. Ustawi wa jamii haudai sayansi. Ndiyo maana wengi huishia huko bila kupapenda, na ndiyo maana baadhi ya wazazi hupadharau. Lawama haiihusu fani. Anayeingia ustawi kwa kukosa kwingine huonekana upesi: kila anayekuja na shida anampa barua ya kwenda ofisi nyingine.

Fani yenyewe ina mizizi. Chuo chake kikuu, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Na kazi yenyewe ina meno kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka afisa ustawi awepo mahakama ya watoto inapokaa, na mahakama inaweza kumwagiza afanye uchunguzi wa kijamii kabla ya kuamua matunzo ya mtoto. Mtaani tunajua hilo kwa namna yetu: mama anayemwambia mzazi mwenzake "nitakupeleka Ustawi" hatanii. (Afisa ustawi asichanganywe na afisa maendeleo ya jamii, wa vikundi na mikopo ya halmashauri. Huyo ni mwingine, na makala yake ni nyingine.)

Hapa ndipo ninapowapima vijana wanaoniuliza, na sipimi huruma. Nawauliza wanapenda kuandika kiasi gani. Nesi huandika kifupi na kwa usahihi: saa, dozi, presha, mkojo. Afisa ustawi huandika kirefu. Ripoti yake inaeleza ukoo mzima, nani alisema nini, nani anadanganya na kwa nini anadhani anadanganya, na hakimu ataisoma kabla ya kuamua mtoto huyu alelewe na mama au bibi. Kijana anayechukia kuandika atateseka ustawi, hata awe na moyo wa dhahabu.

Swali la pili ni kama anaweza kulala huku jambo halijaisha. Zamu ya nesi ina mwisho. Inaweza kuwa ya kutisha, hasa zahanati ya kijijini ambako yuko peke yake usiku na mama ameanza kutokwa damu, na gari la wagonjwa liko umbali wa saa mbili. Lakini asubuhi anakabidhi ripoti, mwenzake anapokea, anakwenda kulala. Faili la ustawi halikabidhiwi hivyo. Baba analipa matunzo miezi miwili, anabadilisha laini ya simu, anapotea. Mtoto aliyepelekwa kwa shangazi anatoroka. Ndoa iliyosuluhishwa Januari inarudi Machi ikiwa na jeraha na fomu ya polisi ya PF3. Wapo watu wenye subira hiyo ya mkulima wa minazi. Wapo wengine ambao baada ya mwaka mmoja huwa wamekauka, nao wangekuwa manesi hodari wa chumba cha upasuaji.

Kuhusu soko la ajira sitazunguka. Nesi ana leseni. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa sheria ya 2010, linamsajili na linaweza kumfutia usajili, na leseni hiyo inatambulika hospitali ya serikali, ya misheni, ya binafsi, hata kambi ya mgodi. Inavuka mipaka pia, kwa mtihani wa NCLEX kwa anayetaka Marekani na mitihani mingine kwingineko. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano rasmi ya ajira za wauguzi mwaka 2021. Afisa ustawi husafiri kwa shida zaidi, na si kwa sababu elimu yake ni ndogo. Mwili wa binadamu ni uleule Mbeya na Manchester. Sheria ya mtoto, lugha ya familia na mila za talaka si zilezile. Waajiri wake wakubwa ni halmashauri, hospitali, magereza na mashirika yanayotegemea wafadhili, na mradi ukifungwa mkataba nao unafungwa.

Kwa hiyo kama matokeo yanakuruhusu kote na bado unasitasita, ushauri wangu ni uanze na uuguzi. Nesi mwenye uzoefu anaweza kusomea ustawi baadaye, na atapokewa vizuri katika vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, nesi, polisi na afisa ustawi humhudumia aliyefanyiwa ukatili chini ya paa moja. Afisa ustawi wa miaka thelathini na tano anayetaka unesi, kama aliacha sayansi, atalazimika kurudi kuanza na Kemia ya kidato cha nne.

Ushauri huo una watu usiowahusu: wale ambao tangu utotoni, wakisikia ugomvi wa jirani, hawaulizi nani kaumia bali umeanzaje. Hao waende ustawi moja kwa moja, na mzazi asiwapotezee miaka mitatu ya ada ya uuguzi kwa sababu ya sare nyeupe.

Sehemu ijayo: ada, mikopo, na jinsi ya kukitambua chuo cha afya kisichosajiliwa kabla hujakilipa.