Dawa Isikatizwe Njiani

Leo twataka kufikiri pamoja juu ya swali linalowasumbua wengi katika Soweto West, kule Kibera, na Kawangware pia: yawezaje dawa ya kupunguza makali ya UKIMWI, iliyomsaidia mtu miaka mingi, ikaacha kumsaidia?

Wengine hudhani kwamba mwili umeizoea dawa. Sivyo. Kinachobadilika si mwili, bali ni virusi vyenyewe. Kirusi huishi kwa kujinakili ndani ya chembe za damu. Kwa mtu asiyetumia dawa, virusi vipya hufikia mabilioni kila siku. Vinasaba vyake, yaani maagizo ya urithi, vina herufi karibu 10,000, nacho huzinakili mbiombio kama karani asiyerudia kusoma alichoandika. Makosa mengi hukidhuru kirusi chenyewe. Lakini kosa moja laweza kubadili umbo lake kidogo, hata dawa ikakosa mahali pa kushika. Hicho ndicho kirusi sugu.

Ndiyo sababu dawa hutolewa tatu pamoja. Zidovudini ilianza kutumiwa peke yake mwaka 1987, na kufikia 1989 wataalamu walikwisha kuona virusi vilivyoishinda. Tangu 1996 matibabu ya dawa tatu yakaenea. Kirusi kikikwepa moja, nyingine hukizuia. Na kisipojinakili, makosa mapya hayatokei.

Hatari huja dawa inapokatizwa. Matibabu haya yalipoanza Kibera mwaka 2003, nevirapini ilitumiwa sana katika Kenya. Dawa hii hukawia mwilini siku kadhaa baada ya zile nyingine kuisha. Mtu akiacha zote kwa pamoja, nevirapini hubaki peke yake, na kosa moja tu la herufi latosha kuishinda. Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, wako wagonjwa walioshindwa kufika kliniki. Hao hawakuwa wazembe. Kadhalika leo yuko anayeruka kidonge kwa kukosa chakula, au kwa kuogopa jirani asione chupa katika nyumba ya chumba kimoja.

Tangu 2018 Kenya imeeneza dolutegraviri, ambayo virusi huishinda kwa shida zaidi. Lakini nayo yaweza kushindwa. Na virusi sugu vikishaingia, hubaki vimejificha mwilini, tena vyaweza kumwambukiza mwingine. Kwa hiyo kipimo cha wingi wa virusi katika damu kisikosekane. Vikionekana vimepanda, daktari atauliza habari za kumeza dawa, na ikihitajika atazibadili.

Wako wanaowaambia wagonjwa, "Umeombewa, tupa dawa." Wapendwa, hilo si neno la imani. Naamani aliagizwa kujichovya Yordani mara saba. Hakutoka mtoni baada ya mara ya tatu. Basi tuwaombee wagonjwa wetu, tuwapelekee unga, tuwasindikize kliniki, na siri zao tuzitunze.

Nawe uliyeacha kumeza, usione haya. Rudi kesho, useme kweli umekosa siku ngapi, ili daktari ajue pa kuanzia.

Bwana awatie nguvu. Amina.