Kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito, andaa na meza ya nyumbani

Wiki mbili baada ya mama kutoka hospitali, chakula chake cha mchana kinaenea kwenye kikombe cha kahawa. Ni supu iliyochujwa, anaichota kwa kijiko cha chai, na nusu saa inapita hajaimaliza. Watoto wako kwenye ugali na samaki. Mdogo kabisa, aliyezoea kula sahani moja na mama yake, anauliza kama mama anaumwa. Bibi aliyekuja kusaidia kazi za nyumbani anasogeza bakuli la mtori na kusisitiza mkwewe ale, la sivyo nguvu atazitoa wapi.

Hakuna aliyekosea hapo. Familia ilichanga fedha, ikatafuta wa kumsindikiza mgonjwa na wa kubaki na watoto, lakini hakuna aliyeieleza habari ya meza ya chakula.

Upasuaji wa kupunguza uzito unazidi kuzungumzwa Afrika Mashariki. Wapo wanaoufuata India, wapo wanaofanyiwa Nairobi, na jijini Dar es Salaam Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma ya kuweka puto tumboni kwa wenye uzito mkubwa. Wahitaji nao si wachache. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wana uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Puto si upasuaji

Mitaani vitu hivi viwili huchanganywa sana. Puto hupitishwa mdomoni, likajazwa likiwa ndani ya tumbo ili mtu ashibe mapema, kisha hutolewa baada ya miezi kadhaa. Likitoka, tumbo linabaki lile lile la awali, na aliyerudia mlo wa zamani hurudiwa na kilo zake.

Upasuaji ni jambo jingine. Katika aina inayofanyika zaidi, daktari hukata na kuondoa kati ya robo tatu na asilimia 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi. Sehemu hiyo ndiyo pia inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana wengi husema hamu ya kula imepotea miezi ya mwanzo. Aina ya pili ni ya kuchepusha njia ya chakula: hutengenezwa kimfuko kidogo kuliko yai la kuku, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo, hivyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Aina zote mbili hufanywa mara nyingi kupitia matundu madogo, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi.

Faida zake zimefuatiliwa kwa miaka mingi. Nchini Sweden, utafiti ulioanza 1987 ulihusisha zaidi ya watu 4,000 wenye unene uliokithiri, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Matokeo yaliyotolewa 2007 yalionyesha kuwa vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji. Kisukari cha aina ya pili hutulia kwa wengi, wakati mwingine ndani ya siku au wiki chache. Presha hushuka, magoti hupumua, na kukatika pumzi usingizini hupungua.

Nani anastahili? Hospitali huanza na hesabu ya BMI: uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 98 na urefu wa mita 1.60 anapata 38. Kwa miaka mingi kigezo kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaotokana na uzito kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kigezo hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuruhusu kufikiriwa kwa mwenye 30 ambaye kisukari chake kimeshindikana. Anayetaka kupungua kilo nane aingie kwenye gauni la harusi ya mdogo wake hayumo.

Wiki za maandalizi

Maandalizi mazuri huchukua wiki hadi miezi. Moyo hupimwa, sukari, damu, ini, na mara nyingi tumbo huangaliwa kwa kamera. Anayekoroma na kushtuka usiku aseme, kwa sababu dawa ya usingizi ina hatari zaidi kwake. Sigara huachwa mapema. Anayetumia vidonge vya majira naye aseme, kwa kuwa baadhi huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni.

Kisha inakuja diet ya wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe: wanga na mafuta kidogo sana, protini ya kutosha. Lengo lake si kupunguza kilo tu. Mtu mwenye uzito mkubwa huwa na ini lililojaa mafuta, na ini hilo limelala juu ya tumbo. Lisiposinyaa, daktari hapati nafasi ya kufanya kazi kupitia matundu madogo. Hapo ndipo karamu za kuaga chakula zinapoharibu mambo. Ndugu wanakuja na pilau na kuku wa kuchoma ili mgonjwa ale kwa mara ya mwisho, naye anaona aibu kukataa. Bora awaambie waje baada ya miezi mitatu, bila sufuria.

Mazungumzo na mwanasaikolojia au mshauri nasaha wengine huyaona kama urasimu. Yana kazi. Yupo anayekula kwa sababu ya msiba usioisha moyoni, au kwa sababu usiku ndiyo saa pekee anayokaa kimya peke yake. Tumbo likipunguzwa, huzuni inabaki na ukubwa wake, na baadhi ya watu huhamia kwenye pombe, ambayo baada ya upasuaji hulevya haraka na kwa kiasi kidogo kuliko zamani.

Kwa anayesafiri nje, swali la kuuliza kabla ya kulipa tiketi ni nani atamwona akirudi. Daktari aliyempasua yuko mbali, na zahanati ya jirani huenda haijawahi kupokea mgonjwa wa aina hii. Aombe maelezo ya maandishi yanayotaja aina ya upasuaji, tarehe na dawa, akae nayo kwenye pochi na picha yake kwenye simu. Bajeti nayo isiishie hospitali: vitamini na vipimo vya damu ni vya maisha yote, na swali la kama bima inavilipia liulizwe mapema.

Jikoni baada ya kurudi

Siku za mwanzo ni vimiminika tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa yenye mafuta kidogo, uji mwepesi uliochujwa. Baadaye huja vyakula vilivyosagwa hadi kuwa laini, kama maharage yaliyopondwa, mtindi na yai laini. Kisha vyakula vyororo kama samaki aliyechambuliwa miiba. Kwa kawaida chakula cha kawaida huanza baada ya wiki sita hadi nane, kwa ratiba ya hospitali husika. Kuruka hatua ni hatari kweli, maana mshono wa tumbo bado unapona.

Protini huliwa kwanza, gramu 60 au zaidi kwa siku kwa watu wengi. Kwa tumbo dogo hiyo ni kazi. Dagaa wa kusaga, mayai, samaki, kuku na maharage vinatangulia, ugali unafuata kama nafasi imebaki. Mara nyingi haibaki. Ugali, wali mkavu, chapati na mkate laini vinaweza kukwama na kuleta maumivu kifuani. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiri kama nusu saa. Soda huachwa. Juisi ya miwa na chai ya sukari nyingi, hasa kwa aliyechepushwa njia ya chakula, huweza kuleta moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuhara.

Kwa mama anayepika, hili ni gumu kuliko linavyoandikwa. Bado anaonja mboga, bado anapakua sahani tano. Nyumba zilizofanikiwa kulivuka mara nyingi ni zile ambazo baba au mtoto mkubwa alishika mwiko kwa wiki chache. Watoto waambiwe ukweli kwa lugha yao: tumbo la mama limetengenezwa, sasa ni dogo, haumwi, ila anakula kidogo na polepole. Kufichwa kunawatisha zaidi, na binti wa miaka 12 anayemwona mama hali anaweza kuanza kuiga.

Halafu kuna maneno ya mtaani. Mtu akipungua kilo 30 ndani ya miezi kadhaa, wapo watakaoamua ana virusi, au ndoa imemshinda. Nywele nazo hunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, jambo linalozidisha minong'ono, ingawa kwa kawaida huota tena lishe ikiwa sawa. Ngozi ya tumbo na mikono hulegea. Wapo wanaochagua kumwambia kila mtu, wapo wanaowaambia wawili tu. Mume, au mtu mmoja anayeishi naye, ni lazima ajue, kwa sababu ndiye atakayetambua dalili za hatari: homa, mapigo ya moyo kwenda kasi, maumivu makali ya tumbo au bega, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba. Hizo ni za kukimbilia hospitali usiku huo huo. Kutapika kusikokoma kwa siku kadhaa, hasa kukiambatana na ganzi miguuni, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa, kunaweza kuwa upungufu wa vitamini B1, na kuchelewa huacha madhara ya kudumu kwenye neva.

Dawa za zamani haziendelei kwa mazoea. Anayechoma insulini au kunywa vidonge vya sukari anaweza kushukiwa sukari ghafla, kwa kuwa mahitaji yamepungua. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kama pipi mtu akiumwa mgongo, huweza kuleta vidonda kwenye mshono, zaidi kwa aliyechepushwa njia ya chakula. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari kabla ya kunuia, hasa mwaka wa kwanza, maana maji hayanywewi kwa mkupuo tena wakati wa futari.

Wanandoa wengi hushtukizwa na ujauzito. Mwanamke aliyekaa miaka bila hedhi ya mpangilio anapungua uzito, mayai yanaanza kupevuka, naye hana kinga kwa kuwa aliamini hashiki mimba. Madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18, mwili umalize kupungua, kwa sababu mtoto tumboni anahitaji madini ambayo mama mwenyewe hana ya kumtosha. Vidonge vya majira vinaweza visifyonzwe vizuri baada ya kuchepusha njia ya chakula, hivyo kitanzi au kijiti huzungumzwa kabla ya upasuaji. Aliyeshika mimba mapema asiitoe wala asijifiche. Aende kliniki aseme alifanyiwa nini, apimwe damu mara kwa mara.

Mwaka wa pili kasi husimama. Baadhi ya kilo hurudi kwa watu wengi, na si ajabu. Njaa inarudi kidogo, na vitu laini vyenye sukari, aiskrimu na biskuti, vinapita kwenye tumbo dogo bila kikwazo chochote. Wakati huo ndipo wengi huacha kliniki, wakiona wamepona au wakiona aibu ya mizani. Ndipo pia madini ya chuma na vitamini B12 hushuka taratibu, uchovu ukaingia, mtu akadhani ni malaria. Tarehe ya kipimo cha damu cha kila mwaka iwekwe kwenye simu ya mume pia, au ya mtoto mkubwa, kwa sababu mwenyewe akijisikia vizuri husahau.