Mali Bila Daftari

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika chama cha ushirika cha kahawa, karani wa mizani huandika kilo. Mweka hazina ataka kujua deni. Mkulima ataka kujua atalipwa lini. Kuzipokea habari hizo, kuzitunza na kumfikishia kila mtu zile zinazomhusu, ndiyo kazi inayoitwa mifumo ya habari. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta, na vyuo vikuu hutoa shahada ya pili katika elimu hiyo.

Je, masomo yake hupangwaje? Mwaka 1972 chama cha wataalamu wa kompyuta cha Marekani, ACM, kilitoa mpango wa masomo 13. Ulilenga kufunza watu wa namna mbili. Wa kwanza huchunguza ni habari gani zinazotakiwa katika kazi. Wa pili hupanga jinsi kompyuta itakavyozileta. Tena wote wawili wajifunze mambo ya watu na mambo ya mashine, ili wapate kuelewana. Maana fundi asiyeijua mizani ya kahawa atatengeneza daftari zuri lisilomfaa karani.

Mpango huo umetengenezwa upya mara kadhaa. Ule wa mwaka 2016 hauanzi na orodha ya masomo, bali wauliza: Mhitimu ataweza kufanya nini? Ukataja mafungu tisa ya uwezo: mengine ya mitambo, mengine ya uongozi, na moja ni la maadili na madhara ya kazi hiyo kwa watu. Ndiyo haki, maana anayeshika daftari la kompyuta huona madeni na siri za watu wengi, na akikosea, wengi huumia kwa mara moja.

Basi, mzazi, kama mwanao aomba karo ya masomo haya, usitoe ng'ombe kwanza. Mwambie alete orodha ya masomo ya chuo, mkaisome pamoja. Je, mna somo la kazi za ofisi na watu wake? Je, watajaribu kazi ya kweli mahali pa kweli? Je, mna somo la maadili? Kama orodha yote ni mashine tupu, atafute chuo kingine mapema, kabla fedha haijatoka.