Je, Wajua? Banderoli Ndani ya Ukumbi, Ukuta Ukibaki Salama

Kuanzia Baraka mjini hadi Fizi-Centre, shughuli haiitwi shughuli bila banderoli: sherehe za wanawake za 8 Machi, arusi, semina, kongamano la kanisa. Huko Lusenda, kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa mwaka 2015, kuna pia siku ya wakimbizi, 20 Juni. Mara nyingi ukumbi ni wa kuazima, na rangi yake ni jasho la waumini au wazazi wa wanafunzi. Aliyeuazima ana deni la kuurudisha kama alivyoukuta. Je, wajua haya?

Utepe wa gundi wa wapaka rangi ulibuniwa ili kuokoa rangi. Mwaka 1925, Richard Drew wa kampuni ya 3M huko Minnesota, Marekani, alitengeneza utepe wa karatasi wenye gundi hafifu. Alikuwa amewaona wapaka rangi wa magari wakihangaika: kila walipobandua karatasi zao za kukingia, rangi mpya iliondoka nazo. Skochi ya kahawia ya kufungia makartoni ina kazi nyingine, na ndiyo inayochuna kuta zetu.

Skochi haishiki chokaa, inashika vumbi lake. Pitisha kiganja ukutani. Kikirudi cheupe, gundi itakamata unga huo tu, na banderoli itaanguka kabla mgeni rasmi hajafika. Ukuta wa rangi ya mafuta, ukipanguswa na kukauka vizuri, hushika zaidi. Wakati wa kubandua, ukunje utepe urudi nyuma sambamba na ukuta, uvute polepole. Ukiuvuta kwa ghafla kuja kwako, rangi nayo inakuja.

Mjusi hapandi ukuta kwa gundi. Mwaka 2000, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kellar Autumn walipima nguvu ya unywele mmoja tu wa mguu wa mjusi aina ya tokei. Mguu mmoja una vinywele karibu nusu milioni. Vikiburutwa sambamba na ukuta vinashika kwa nguvu. Mjusi akikunja vidole na kubadili pembe, vinaachia bila kuacha alama. Utepe nao una tabia inayofanana: ni mgumu kuuburuta ukutani, ni rahisi kuubandua kuanzia ukingoni.

Kamba ikikazwa sana, inavuta mara nyingi zaidi. Chukua banderoli ya plastiki ya mita 3 kwa 1, yenye gramu 440 kwa mita mraba: ina kilo 1.3 hivi. Ining'inize kwenye kamba inayolegea hadi pembe ya digrii 30 kila upande, na kila ncha inavutwa kwa kilo 1.3. Ikaze hadi ibaki digrii 5 tu, na kila ncha inavutwa kwa zaidi ya kilo 7. Ndiyo maana msumari uliosimama imara asubuhi unachomoka mchana pamoja na kipande cha plasta.

Nyundo hudhuru zaidi kuliko msumari. Saruji iliyopakwa juu ya tofali mbichi haishikani nalo barabara. Mshindo mmoja unaweza kubandua plasta pana kama sahani, hata kama tundu lenyewe ni dogo.

Paa linaweza kubeba kazi yote. Kama ukumbi hauna dari, pitisha ufito au mwanzi katika pindo la juu la banderoli, kisha funga kamba mbili wima kutoka kwenye mbao za paa. Mwanzi mwingine chini utaifanya inyooke. Kama kuna dari, simamisha miti miwili ndani ya ndoo za mchanga, mbele ya ukuta. Ukuta hautaguswa kabisa.

Mafundi wa zamani walifikiria mapema mahali pa kutundikia. Huko Songo Mnara, karibu na Kilwa katika pwani ya Tanzania, kuta za nyumba za mawe za karne ya 14 na 15 zina matundu yanayoonyesha mahali vitambaa vilipotundikwa. Kamati zinazojenga makanisa na shule Fizi leo zinaweza kufanya vivyo hivyo: kumwambia seremala aweke ndoano chache kwenye mbao kabla ya kupigilia mabati. Gharama yake ni ndogo kuliko kopo moja la rangi, na kila atakayeazima ukumbi atakuta pa kufungia kamba.