Mtoto Husoma Chombo

Ukitaka kujua kama nyumba yako ni salama kwa mtoto anayeanza kutambaa, piga magoti utambae wewe mwenyewe. Anzia mlangoni, zunguka chumba chote, na unyooshe mkono kwa kila kinachong'aa. Nimewafanyisha wazazi wengi zoezi hili katika nyumba za kupanga za Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, na sijaona aliyeinuka mikono mitupu. Huyu huinuka na wembe, yule na kidonge kilichodondoka chini ya kitanda, mwingine na betri ndogo ya duara, ambayo mtoto akiimeza na ikakwama kooni inaweza kumchoma vibaya ndani kwa muda wa saa 2 tu. Walio wengi huinuka na chupa.

Chupa hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Busia ni mji unaoishi kwa kuvusha vitu. Hata jina boda boda lilizaliwa hapa, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya forodha mbili tangu miaka ya 1960. Leo malori yanapita katika kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2018, lakini biashara ndogo bado inalala nyumbani. Chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia ni jiko, malazi na ghala kwa pamoja. Petroli ikiwa nafuu upande mmoja, mitungi ya lita 20 huvuka usiku na kufichwa chini ya kitanda kilekile anacholalia mtoto. Kukicha, hupimwa katika chupa za soda na za maji, kwa kuwa hicho ndicho kipimo anachokijua mwenye pikipiki. Mafuta ya taa nayo ni vivyo hivyo. Dawa ya kuua kupe wa ng'ombe hununuliwa kidogo kidogo na kumiminwa katika kichupa cha dawa ya kikohozi.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui herufi hata moja, ila chombo anakisoma vizuri sana. Sikukuu iliyopita alinyweshwa kitamu katika chupa kama hii. Alipougua, alinyweshwa dawa kwa kichupa kama kile. Mzazi anapolia kwamba alimkataza mtoto mara mia, mimi humwambia ukweli: chombo kilikuwa kinamwita.

Wengi hudhani mafuta ya taa humdhuru mtoto tumboni. Hatari yenyewe iko kifuani. Mafuta haya ni mepesi na yanateleza, hivyo kiasi kidogo kikiponyoka kuingia njia ya hewa husambaa katika mapafu na kuyaunguza. Ndiyo sababu kumtapisha ni kosa kubwa, maana unayapitisha kooni mara ya pili. Maziwa pia usimpe, kwani yanaweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali na ubebe ile chupa. Mpeleke hata kama anacheka na kucheza, kwa sababu kuhema kwa kasi kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Dawa ya kupe ni balaa la namna nyingine: nyingi hupenya hata kwenye ngozi, na mtoto akianza kutokwa mate mengi, jasho na machozi, hakuna cha kusubiri nyumbani.

Mwaka 1967, daktari wa watoto Henri Breault wa mji wa Windsor nchini Kanada, aliyechoshwa na kuwapokea watoto waliomeza aspirini, alileta mfuniko wa kubonyeza huku ukizungusha. Namheshimu kwa sababu hakuishia kuwahubiria akina mama, alibadilisha chombo. Shida yetu ni kwamba mfuniko wa namna hiyo hubaki dukani kwenye kopo kubwa, sisi tunabeba kilichomiminwa. Basi naomba mambo mawili. Kila nyumba iwe na kijitungi kimoja kizito cha mafuta, kisichofanana na chombo chochote cha kunywea, kikae kwenye rafu iliyopigiliwa juu ya bega la mtu mzima. Na muuzaji akatae kumimina katika chupa ya soda. Akikataa mmoja atapoteza mteja. Wakikataa wote wa mtaa, mteja atakuja na kijitungi.

Ukienda Tororo, au upande wa Wateso wa Kenya kule Amagoro, jioni ina hatari yake. Chungu cha pombe ya ajono kiko katikati, wazee wameketi kwa duara na mirija yao mirefu, na birika la maji moto linapita kila mara kuongezea chungu. Watoto wamo katikati ya magoti. Sisemi mila iachwe. Nasema birika lisiwekwe chini, amiminaye awe mmoja, na watoto wawe na mkeka wao mbali na duara, pamoja na mtu asiyekunywa. Mtoto akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na udongo havina kazi hapo.

Kule Tiira, wilaya ya Busia ya Uganda, wachimbaji wadogo wa dhahabu huchoma zebaki ili kuitenga na dhahabu, wengine kwenye jiko la nyumbani. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na mtoto huuvuta karibu na moto. Zebaki haina mahali salama ndani ya nyumba yenye mtoto. Itoke, na kuchoma kufanyike mbali.

Maji nayo huua kimya. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kulingana na mwili wake, akipinduka ndani ya ndoo hatoki, hata kama maji ni machache. Mfuniko uwe wa kubana, sahani haitoshi. Mashimo ya kufyatulia matofali yafukiwe au yazungushiwe miiba kabla ya mvua za masika. Bangladesh walipowakusanya watoto wa kijiji kwa mlezi mmoja saa za asubuhi, mama zao wakiwa kazini, vifo vya kuzama vilipungua sana. Akina mama wa sokoni Busia wanaweza kupokezana zamu hiyo kwa siku.

Nyanya mmoja aliniuliza kama chupa iliyobeba petroli ikioshwa kwa majivu na maji moto inaweza kurudi kuwekewa uji. Hapana, nyanya. Itoboe kwa msumari kabla hujaitupa, maana jalalani nako kuna watoto.