Fundi Aliyesikiliza kwa Mguu

Miongoni mwa lugha za watu wa kazi ambazo sisi watunzi wa mashairi tumezipa kisogo, lugha ya gereji ndiyo iliyoonewa zaidi. Tumeimba jahazi, tanga na demani hata bahari yenyewe imechoka kutusikiliza, lakini ni nani aliyekaa kitako akatafuta vina vya breki? Na ilhali maneno yapo tele. Wako wasemao gari limekatika breki, kama kamba. Wako wasemao breki zimefeli, kana kwamba zilikalia mtihani. Mimi hili la pili lilinichekesha sana nilipolisikia Ndalu, kwa kuwa aliyelisema alikuwa mwalimu mstaafu.

Ndalu iko Tongaren, katika kaunti ya Bungoma, ubavuni mwa Trans Nzoia. Ni nchi ya mahindi, iliyokuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu kabla ya kukatwakatwa na kugawiwa wananchi wakati wa uhuru. Baridi yake ya alfajiri si ya kumfaa mtu wa kanzu nyepesi, lakini hayo tuyaache.

Mwenyeji wangu huyo ana pikapu kuukuu, nayo ndiyo inayopeleka magunia yake Kitale. Alikuwa amezibadilisha kwa mkono wake kalipa mbili za mbele, yaani vile vyuma vinavyoibana diski ya gurudumu, akatia nyingine alizozinunua zikiwa zimekwisha kutumika. Kazi aliimaliza jioni, akafurahi. Alipokanyaga breki, mguu ukazama kama uliokanyaga godoro la sufi. Akisukuma mara tatu nne upesi upesi, kanyagio lilipanda kidogo, kisha likarudia ulegevu wake.

Mwalimu alijua sababu, na hapa nampa haki yake. Alisema ndani mna hewa. Breki za gari hufanya kazi kwa mafuta yaliyofungiwa katika mirija. Mafuta hayabanwi yakabanika, kwa hiyo mguu ukisukuma huku, nguvu hutokea kule gurudumuni. Hewa hubanika. Povu dogo likiingia mrijani, nguvu ya mguu huishia kulifinya povu, na gurudumu halina habari. Dawa yake ni kutoa hewa: mmoja akae garini akanyage, mwingine afungue skrubu ndogo iliyo juu ya kalipa mpaka mapovu yaishe, aifunge kabla mguu haujaachiliwa. Mwalimu na mwanawe walifanya hivyo siku mbili. Chupa tatu za mafuta ya breki zilikwisha. Godoro likabaki godoro.

Ndipo alipoanza kushuku kitu kingine. Akasema basi ni masta silinda, ile pampu iliyo nyuma ya kanyagio, imezeeka, akapiga hesabu ya kununua mpya. Mkewe hakuwa na hesabu za kupiga. Alisema yeye hapandi, na watoto hawapandi, hata kama mahindi yataota ghalani. Nami nilimuunga mkono kimoyomoyo, maana njiani mna malori yaliyojaa pomoni, bodaboda zilizobeba watu watatu, na watoto wa shule wanaotembea ukingoni mwa barabara. Gari lisilosimama haliui mwenyewe peke yake.

Fundi alikuwepo, mwendo wa dakika kumi tu. Tatizo ni kwamba alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani, na sidhani alitoka darasani na alama za kujivunia. Mwalimu hakumdharau, alimwonea haya. Ilimpasa mama kumwita.

Kijana akaja, akaamkua, "Mulembe, Mwalimu," akaingia garini bila kugusa spana. Akakanyaga, akatulia, akafumba macho. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa chuoni, aliyekuwa akisinzia tunapomsomea, lakini mtoto akiifupisha madda palipo pa kuvuta, bakora hugonga ubao kabla jicho halijafunguka. Kijana naye alikuwa akisoma. Akatueleza kwamba kanyagio likishika vizuri kisha likazama polepole chini ya mguu uliotulia, hapo ushuku mipira ya masta silinda au mafuta yanayovuja nje. Likiwa gumu kama jiwe na gari halisimami, tazama buta linaloongeza nguvu ya mguu. Gari likivuta upande mmoja, gurudumu moja limekataa kazi au limelowa mafuta. Hili halizami, lanepa tu. "Ni hewa, Mwalimu. Ulisema kweli tangu mwanzo."

Kisha akauliza swali ambalo siku mbili nzima hakuna aliyeliuliza: "Mara ya mwisho uligusa nini?"

Akajibiwa, kalipa. Akalala chini, akachungulia, akacheka kwa adabu. Ya kulia ilifungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Zilikaa sawasawa, boliti zilikubali, lakini ile skrubu ya kutolea hewa ilikuwa chini, inatazama udongo. "Hewa hupanda, Mwalimu. Wewe umeifungulia mlango chini." Mafuta yalikuwa yakitoka, na povu limejikalia juu lilipo, salama salimini.

Wakazibadilisha. Chupa iliyobaki nusu, iliyolala wazi usiku kucha, fundi aliikataa, na hapo Mwalimu alinung'unika kwa sababu ya bei. Lakini mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yanapokuwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishanywa maji, kiwango chaweza kushuka hata nyuzi 140, na breki zikipata moto mteremkoni huchemka ndani ya mirija yakazaa mvuke, na mvuke hubanika kama hewa. Sisi wa pwani, tunaovuta hewa yenye maji mchana na usiku, tungelipaswa kulijua hili zaidi ya wao.

Safari hii hewa ilitoka, na kanyagio likasimama juu, gumu. Fundi alilishikilia kwa mguu dakika nzima, halikushuka. Akawasha injini, likazama kidogo tu kama inavyotakiwa. Akaenda polepole katika njia ya shambani, akasimama, akarudi, akafunga breki kwa nguvu mara tano, kisha akapeleka kiganja karibu na kila gurudumu la mbele asikie joto. Yote mawili yalikuwa na vuguvugu moja.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Akauliza magunia yapakiwe mangapi.